Taa Nyeupe za Duka la Bi Zuhura

Siku ya tatu ya msiba wa Bi Zuhura nilikuwa nimekaa kwenye mkeka katika chumba cha wanawake, nyumbani kwake Bukoba mjini, nyuma ya lile duka la vitambaa nililolifanyia kazi mwaka mmoja tu wa maisha yangu. Kulia kwangu alikaa Mama Leokadia, ambaye tangu enzi zile alikuwa akiuza chai na maandazi mkabala na duka. Tulikuwa katika mazungumzo ya kawaida ya msibani, nani amefika na nani bado yuko njiani, akaingia mwanamke mrefu aliyejifunga kitenge cha kijani, akatoa pole, akakaa upande wa pili wa Mama Leokadia. Mama Leokadia akamwitikia vizuri kabisa. Kisha akauchukua mkoba wake uliokuwa upande ule, akaupitisha juu ya magoti, akauweka upande wangu na kuniinamia sikioni. "Umemwona huyo? Si ndiye Editha wa cherehani, yule aliyemwibia marehemu jora zima la kitambaa? Na wewe Koku, ishike simu yako vizuri, waitu, ndugu yangu." Nami nikamwitikia kwa kichwa. Hilo lazima niliandike kwanza kabla ya mengine. Nilitoka Mwanza kwa basi kuja kumwambia Bi Zuhura sentensi moja, nikakuta amekwisha kuzikwa, na mtu ambaye sentensi hiyo ilimhusu amekaa hatua moja kutoka nilipo, nikaitikia kwa kichwa.

Wenzangu kazini wananiita Bibi Mashaka, na si kwa utani mtupu. Niko katika kiwanda kidogo cha uchapaji, na kazi yangu ni kuhakikisha kwamba rangi inayoonekana kwenye skrini ya kompyuta ndiyo itakayotoka kwenye karatasi. Maana yake nalipwa kwa kutoamini. Kila asubuhi, kabla ya chai, nakiegemeza kifaa cha kupimia rangi usoni pa skrini nione imehama kiasi gani, kwa sababu skrini huhama. Leo inazidisha ubuluu, wiki ijayo inafubaza wekundu, na jicho halishtuki kwa kuwa jicho huzoea upesi mno. Sinunui nyanya chini ya taa. Sinunui kitenge kwa picha ya simu. Mume wangu alipoleta balbu mpya nyumbani nililisoma boksi lake pande zote mpaka akaniuliza kama natafuta jina la mchawi. Ningependa kusema nilizaliwa hivi, lakini sivyo. Nilizaliwa mtu wa kushuku watu na kuviamini vitu, na mwaka ule wa dukani ndio ulionigeuza, ila ulinigeuza nikiwa nimeshamharibia mtu jina.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo na najiona nimesoma kuliko mtaa mzima. Bi Zuhura alikuwa mnene, wa miaka hamsini na kitu, mtu wa asili ya pwani aliyezaliwa hapahapa Bukoba, mwenye Kihaya cha kubembeleza wateja na Kiswahili cha kutugombeza sisi. Duka lake lilikuwa refu na lenye giza. Majora yalisimama ukutani mpaka juu, dirisha lilikuwa moja, na darini zilining'inia globu mbili za zamani, zile za waya zenye mwanga wa njano, ambazo ukizigusa zinakuunguza vidole. Kwa sababu ya giza hilo palikuwa na sheria moja ambayo hata mteja mwenye haraka hakuruhusiwa kuivunja. Kitambaa hakikatwi kabla hakijafika mlangoni. Bi Zuhura alishika pindo moja, mteja akashika jingine, wakasimama kizingitini wakikitazama kwenye jua, kisha Bi Zuhura akakiweka begani kwa mteja na kumtazama usoni muda mrefu kama daktari. Akiridhika alisema, "Haya, kata." Asiporidhika alikikunja mwenyewe na kumwambia mteja, bila kumwonea haya, kwamba rangi ile inamzeesha. Watu walimpendea hilo. Mimi niliona ni ushamba, na nilisubiri siku utakapokwisha.

Nilikuwa nikilala chumba kimoja na Editha, katika ua nyuma ya duka. Alikuwa mshonaji wa Bi Zuhura, mtu wa Ngenge, kule upande wa Muleba, amenizidi karibu miaka minane, mpole, mwenye vidole virefu visivyotulia. Vitanda viwili, dirisha moja linalotazama tangi la maji, na ukutani misumari ya kutundikia nguo. Upande wake zilitundikwa kwa mpangilio na upande wangu zilirundikana. Yeye ndiye aliyepika. Ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, na maharage vilivyofunikwa majani ya mgomba mpaka vikaiva pamoja, na siku za Ijumaa sahani ya pilau kutoka kwa Bi Zuhura, ambayo aliigawa sawasawa na kunipa mimi nyama kubwa. Nilizila zile nyama na bado nikamshuku. Nilishuku kwa sababu kila Alhamisi alimpa kondakta wa basi la Muleba kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa. Nilishuku kwa sababu alipopigiwa simu alitoka kwenda kuongelea kando ya tangi, kwa Kihaya cha chini chini, na siku moja, nikiwa nimelala macho, nilimsikia akisema, "Usimwambie mtu. Nikimaliza nitaileta mwenyewe." Yote hayo nilikuwa nayahifadhi bila kujua nayahifadhia nini. Kulikuwa na utamu fulani katika kujua kitu juu ya mtu ambaye hajui kwamba unajua, na nakiri kwamba niliupenda.

Taa mpya zilikuwa wazo langu. Nilikuwa nimeziona kwenye duka la viatu karibu na soko, zile taa za LED ndefu na nyembamba, nyeupe pe, nikamsumbua Bi Zuhura wiki mbili nzima. Nikamwambia hazina joto, hazili umeme, na duka litaonekana kubwa mara mbili. Fundi akaja na boksi moja la taa nne zisizo na jina la maana, akazifunga kabla ya adhuhuri, na kwa kweli tulipowasha tulishangilia. Pembe ambazo hazijawahi kuonekana zikaonekana pamoja na buibui wake. Mama Leokadia alivuka barabara na birika lake mkononi kuja kushangaa. "Sasa mmekuwa hospitali," akasema. Ndipo nikasema lile neno ambalo ningelipa chochote kulirudisha: "Bi Zuhura, kwa mwanga huu, mlangoni tunakwenda kutafuta nini tena?" Alisita. Aliitazama taa, akanitazama mimi, akacheka kidogo. "Haya mwanangu, wewe ndiye uliyesoma." Tangu siku hiyo vitambaa vilikatwa kaunta. Editha peke yake hakuzifurahia. Aliinua macho kutoka kwenye cherehani akayafumba nusu na kusema, "Zinaniumiza. Na uzi mwekundu siku hizi siutofautishi vizuri." Nikajiambia, bila shaka, mtu aliyezoea kufanya mambo yake gizani atapendaje mwanga.

Mwezi wa tano Mwalimu Nestori, kiongozi wa kwaya moja ya Kilutheri kule Kamachumu, alikuja kuagiza majoho thelathini kwa ajili ya tamasha la kwaya. Alitaka rangi ya damu ya mzee, na jora la rangi hiyo lilikuwepo, lakini lilitosha nusu tu. Bi Zuhura akampigia muuzaji wake wa jumla Mwanza, naye akatuma picha ya jora jingine kwa simu. Nikaiweka simu juu ya kitambaa chetu, nikaongeza mwanga wa kioo mpaka mwisho, nikatazama, nikasema ni yenyewe. Jora lilipofika tulilifungua kaunta, chini ya taa zangu, tukalilaza ubavuni mwa lile la kwanza. Mwalimu Nestori akapitisha kiganja kutoka moja hadi jingine, akasema hata mshono hauonekani. Editha alikuwa amesimama nyuma yetu na mkasi. "Tungeyapeleka mlangoni," akasema. Nje ilikuwa inanyesha ile mvua ya Bukoba isiyo na haraka ya kwisha. "Na mvua hii?" nikamjibu, nikacheka, na Mwalimu naye akacheka, akasema akate tu.

Editha alishona wiki mbili, ndani, chini ya taa. Majoho ya wanawake yakatoka kwenye jora la kwanza, ya wanaume kwenye la pili. Kila lililokamilika lilikunjwa na kutiwa mfukoni, na mifuko ilifungwa, kwa maana kwaya ile ilikuwa na desturi yake: joho jipya halivaliwi wala halijaribiwi mpaka mchungaji aliombee. Vipimo vilichukuliwa kwa futi kamba na kwa kumwamini fundi, basi. Kwa hiyo hakuna mtu aliyeyafungua yale majoho, si Bukoba, si njiani, si Kamachumu, mpaka Jumapili yenyewe. Mimi na Editha tulikwenda. Kanisani palikuwa na taa kama zetu, mpya, nyeupe, na kwa kuwa kulikuwa na mawingu asubuhi hiyo ziliwashwa zote. Mchungaji akaomba, wanakwaya wakavaa chumba cha pembeni, wakajipanga mbele ya madhabahu, na mimi kwenye benchi nilijisikia kama niliyewazaa. Kisha mimi na Editha tukatangulia nje, nao wakaanza kutoka kwa maandamano kwenda uwanjani, ambako wageni walikuwa wamekaa chini ya maturubai, na jua lilikuwa limechomoza. Wakatoka wanawake, safi, damu ya mzee kama ilivyoagizwa. Nyuma yao wakatoka wanaume waliovaa rangi ya matope.

Nilidhani macho yangu yana kasoro. Mama mmoja nyuma yangu akamuuliza mwenzake, "Kwani kwaya ni mbili?" na kicheko kikaanzia pale kikaenda mpaka mwisho wa turubai. Mwalimu Nestori alikuwa amewageukia kuwapa sauti, mkono umeinuka, na mkono ule ukabaki hewani. Waliimba, maana hawakuwa na la kufanya, lakini wanaume waliimba wakitazama viatu. Nilimgeukia Editha. Alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, macho yanakwenda kutoka safu moja hadi nyingine, upesi upesi, kama mtu anayehesabu. Wakati ule nilisoma usoni mwake kitu kimoja tu, kwamba amekamatwa.

Jumatatu Mwalimu Nestori aliyarudisha majoho yote. Alisimama nje na Bi Zuhura, kando ya gari, akafungua mfuko mmoja wa wanaume na kuweka juu yake ile sampuli aliyokatiwa kwenye jora la kwanza siku ya kuagiza. "Kitambaa nilichokishika mimi mle ndani si hiki, Bi Zuhura. Kuna mtu amekibadilisha." Bi Zuhura hakubisha, maana tofauti ilikuwa mbele ya macho yake. Mifuko ikatupwa stoo na hakuna aliyetaka kuitazama tena, isipokuwa Editha. Adhuhuri ile nilimwona akitoka stoo na joho moja la mwanamke na moja la mwanamume. Mimi nilikuwa kaunta, nimeupa mlango mgongo, lakini kioo kikubwa cha wateja kilinionyesha kila kitu. Alikwenda mlangoni na yale majoho, akasimama. Akarudi ndani, akasimama chini ya taa. Akatoka tena. Akarudi. Mara nne au tano. Mama Leokadia naye alimwona kutoka ng'ambo, na alipoleta chai akaniuliza, "Yule mbona anatoka na kuingia hivyo? Anampa nani ishara?" Nilikuwa nalisubiri swali hilo bila kujua. Mchana uleule nilimwambia Bi Zuhura yote: vifurushi vya Alhamisi, simu za kando ya tangi, kutoka na kuingia.

Bi Zuhura alituita sebuleni kwake baada ya sala ya alasiri. Kulikuwa na chai ya tangawizi ambayo hakuna aliyeigusa. Editha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Vifurushi ni vipande vya mabaki ulivyonipa mwenyewe, Bi Zuhura, namtumia mama. Simu ni za nguo ninayomshonea mdogo wangu ya sherehe yake ya kuagwa, sikutaka ajue mapema. Na kitambaa ni kilekile ulichonunua. Shida ni zile taa. Ndani vinafanana, nje vinaachana. Njoo nikuonyeshe, ni mlangoni tu hapo." Bi Zuhura akanigeukia. "Koku, wewe umesoma haya mambo. Taa inaweza kubadilisha rangi ya nguo?" Fizikia nilikuwa nimefaulu. "Haiwezi," nikasema. "Taa inaonyesha kilichopo, haiongezi wala haipunguzi." Hata hivyo Bi Zuhura akaanza kuinuka, mkono mmoja ameshaushikiza kwenye kiti, na kama angeinuka kisa hiki kisingekuwepo. Nikamwahi. "Bi Zuhura, atakuwa ameshayapanga. Ameshinda nayo mchana kutwa." Akanitazama. Akamtazama Editha. Akakaa.

Editha aliondoka kesho yake kwa basi la asubuhi. Alikunja nguo zake, akaacha misumari mitupu ukutani, akaniambia, "Sufuria nakuachia, Koku. Uwe unaiosha vizuri, inashika chini." Hata maneno hayo niliyashuku, nikayageuza huku na huku nione yamefichwa nini. Alikuwa na ndoto ya kwenda kufungua chumba chake cha kushonea Kamachumu, tulikuwa tumeizungumza mara nyingi vitandani, lakini Kamachumu ndiko alikoharibikiwa. Kila aliyekuja dukani kutoka kule alinieleza kwamba hakuna anayempa Editha nguo yake, watu wanamwita mwizi wa majoho, na amerudi Ngenge kulima. Wakinieleza nilihuzunika ile huzuni ya mtu aliyetenda haki.

Mwezi wa nane, mchana, umeme ulikatika. Nilikuwa peke yangu. Mabaki ya majora yale mawili yalikuwa rafuni, ubavu kwa ubavu, na tangu Editha aondoke nilikuwa nikiyatazama kila siku bila kuona kitu. Taa zikazimika, mwanga wa mlangoni ukaingia polepole, na nikiwa nimekodoa macho vitambaa vile viwili vikaachana. Kimoja kikawa damu ya mzee. Cha pili kikawa tope. Nilidhani naumwa. Umeme ukarudi, vikaungana tena vikawa kitu kimoja, hata mshono hauonekani. Nikavichomoa, nikaenda navyo mlangoni, nikarudi, nikaenda, nikarudi, na mara ya tatu au ya nne nikajiona kwenye kioo cha wateja. Mwanamke ameshika vitambaa viwili, anatoka na kuingia. Nikakaa chini sakafuni, kati ya kaunta na mlango, na Mama Leokadia akapiga kelele kutoka ng'ambo kuuliza kama nimeanguka. Nikamwambia hapana, nimedondosha sindano.

Chuoni baadaye nilifundishwa sababu yake kwa maneno ya kitabu. Taa za bei rahisi zina weupe wa kughushi. Zimejaa ubuluu, na wekundu wake, hasa ule mzito, ni kidogo mno, na rangi isiyomo kwenye mwanga kitambaa hakiwezi kuirudisha. Damu ya mzee chini ya taa kama hizo hupoteza damu, ikalingana na kahawia yoyote iliyo karibu. Mwalimu alituonyesha karatasi mbili na taa mbili, darasa zima likasema aah, mimi nikatoka nje. Kwa sababu sikuhitaji kitabu. Nilikuwa nimeshajua tangu mwezi wa nane, na sikuwa nimesema. Niliogopa. Taa zilikuwa zangu, sheria ya mlangoni niliiua mimi, na mimi ndiye niliyemkalisha Bi Zuhura alipotaka kuinuka. Nilihofia atanifukuza kabla chuo hakijafungua. Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Nilichofanya ni kuanza kuwatoa wateja mlangoni tena, mmoja mmoja, kwa visingizio: humu kuna joto, hebu tupate hewa, hebu uone kinavyocheza kwenye upepo. Bi Zuhura alikuwa akinitazama juu ya miwani yake na hakuuliza kitu. Nilidhani amefurahi kwamba nimejifunza biashara. Mwezi wa kumi nilikwenda chuo, akanipa kitenge na dua ndefu, nami nikapanda basi na neno langu tumboni. Toka hapo sikukosa sababu: mwaka huu nimejifungua, mwaka huu kazi nyingi, mwaka huu nitampigia simu siku ya Idi. Mwanangu sasa anakaribia kunifikia kwa urefu.

Pale mkekani, Editha ndiye aliyeinuka kwanza. "Koku, njoo unisaidie kumenya ndizi," akasema, kama tulioachana jana. Mama Leokadia akanifinya paja. Nilimfuata hadi uani nikijiuliza kwa nini mimi, kwa nini leo, anataka kunifanya nini. Kulikuwa na mikungu minne kando ya lile tangi la maji, na visu. Tukaanza kumenya. Vidole vyake vilikuwa vilevile, havitulii. "Sufuria bado unaiosha?" akauliza. Nikasema ndiyo, ninayo, na ni kweli ninayo. Kisha nikasema, "Dada Editha, kuna jambo nilitaka kumwambia Bi Zuhura. Juu ya zile taa."

"Najua," akasema. "Naye alijua."

Kisu kilisimama mkononi mwangu. Akaniambia bila kuacha kumenya. Msimu wa senene wa mwaka uleule, mwezi mmoja tu baada ya mimi kwenda chuo, Bi Zuhura alishuka kwenye basi Ngenge, yeye na unene wake wote, na cherehani ya Editha ya dukani juu ya keria. Akaketi, akala ebitoke, akaomba radhi mbele ya mama yake Editha. "Akasema, nimemwona Koku anawatoa wateja mlangoni, na mtu hatoi watu mlangoni bure. Akazima taa mwenyewe siku moja ukiwa umeshaondoka, akaona. Nikamwambia basi mpigie Koku simu. Akakataa. Akasema, nikimwambia atakubali kwa sababu amekamatwa. Mwache aje mwenyewe."

"Akanisubiri mpaka anakufa?"

"Hapana. Kama miaka minne iliyopita alisema amechoka." Akatupa ndizi kwenye beseni. "Mimi nikaendelea."

Nilianza kulia, na nilikuwa na hasira pia, hasira ya mtu aliyetazamwa miaka yote hiyo kwenye kioo bila kujua. Nikamuuliza kwa nini yeye mwenyewe hakunipigia. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mimi nilishasema, Koku. Nilisema siku ileile, mbele yenu wote wawili. Iliyobaki ilikuwa zamu yako." Nikamuuliza kuhusu Mama Leokadia, mbona bado. "Huyo hakuambiwa. Bi Zuhura aliona haya na mtaa wake. Aliniomba radhi nyumbani kwetu, hapa hakuweza. Mimi nikija mjini huwa nauona tu mkoba wake unavyosafiri."

Tukanawa mikono, tukarudi ndani. Tulikaa kama mwanzo, Mama Leokadia katikati, mkoba wake upande wangu, umebanwa kati ya paja lake na langu. Chai ilikuwa inagawiwa. Nilisubiri apewe kikombe chake, kisha nikasema, kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia ingawa sikuwa nimekusudia chumba kizima, "Mama Leokadia, Editha hakuiba kitu. Jora halikubadilishwa. Zilikuwa taa za dukani zinafananisha rangi zisizofanana, na taa zile nilizileta mimi. Alisema ukweli siku ileile, nami nikamzuia Bi Zuhura asiende kutazama."

Mama Leokadia alikishika kikombe bila kunywa. Alimtazama Editha muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Na wewe ulijua lini?"

"Mwaka uleule. Mwezi wa nane. Ile siku niliyokuambia nimedondosha sindano."

Aliweka kikombe chini, akauchukua mkoba wake kutoka upande wangu, akaupitisha juu ya magoti, akauweka upande wa Editha. Editha akausogeza kidogo ukutani, usije ukamwagikiwa chai.